Halua ya Kuomba Upepo

Katika nyumba ya shangazi yangu pale Malindi hapakuwahi kuwa na feni. Umeme ulikuwamo, ulitumiwa na taa, na friji, na redio ambayo sikumbuki kuikuta imezimwa. Lakini feni, kwa maoni ya shangazi, ilikuwa dawa ya watu waliojenga vibaya. Mgeni akiingia anatweta, anajipangusa shingo na kuuliza kama hakuna feni, shangazi alimwonyesha kiti kimoja kilichowekwa kati ya dirisha la upande wa bahari na mlango wa uani. "Kaa hapo," alimwambia, "uhesabu mpaka ishirini." Sijapata kumwona aliyefika ishirini bila kufunga kifungo cha shati.

Nyumba ile ilijengwa na babu yangu mzaa baba, mfanyabiashara wa mbao na boriti, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene hivi kwamba nilipokuwa mtoto nililala dirishani kama kitandani. Chini ni duka lililofungwa miaka mingi, juu ndiyo makao. Mbele yake, upande wa bahari, palikuwa na kiwanja cha minazi cha watu waliokwisha kuhama, na baada ya minazi ni mchanga na maji. Kusi ikivuma, ilipita minazini ikaingia kwetu. Kaskazi ikivuma, vivyo hivyo.

Mtaani kwetu mtu hakupandisha ukuta bila kupeleka halua. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Ukitaka kujenga ghorofa itakayomzibia jirani upepo, au itakayomchungulia uani, ulichukua sinia la halua na birika la kahawa ukaenda kwake, ukakaa, ukazungumza habari za watoto na za mvua, kisha ukasema shida yako. Wakila, wameridhia. Wakisema "Alhamdulillahi, tumeshiba" na sinia likabaki kama lilivyokuja, wamekataa, nawe unabeba halua yako unarudi nyumbani kufikiri upya. Hapakuwa na ugomvi wala kuinuliana sauti. Babu alipotaka kuongeza orofa ya juu, jirani wa nyuma alishiba mara mbili. Mara ya tatu babu alikwenda na mpango mwingine: orofa ya juu irudishwe ndani hatua nne. Jirani akala. Mpaka leo nyumba yetu ina kata kwa upande ule, mfano wa ngazi kubwa, na watalii huipiga picha wakidhani ni urembo.

Mimi nilikua nikiyajua haya kama ninavyojua njia ya msalani gizani. Kisha nikaenda chuo kikuu, nikafundishwa kuyaita "maarifa ya jadi", nikayaandikia tasnifu yenye tanbihi nyingi kuliko wasomaji, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuyapoteza.

Kampuni ya ujenzi iliponipigia simu nilikuwa naishi Kilifi, katika nyumba ya kupanga yenye paa la mabati, ambamo niliandika makala za gazetini kuhusu mikoko na takataka za plastiki huku jasho likidondokea kwenye kibodi. Walitaka kijitabu cha Kiswahili kuhusu jengo lao jipya la Malindi: ghorofa kumi na moja za fleti za kuuza, na zote, walisema, za kijani. Sola juu ya paa. Tangi la maji ya mvua chini ya maegesho. Maji ya kuogea yachujwe yakasafishe vyoo. Na jambo lililonivuta mimi kuliko yote: hakuna kiyoyozi hata kimoja. Jengo zima lingepozwa na upepo, basi.

Nililipenda jengo lile kabla sijauliza linajengwa wapi. Nilipouliza, nilikuwa nimeshasema ndiyo.

Lilikuwa linajengwa kwenye kile kiwanja cha minazi.

Nilijipa moyo kwa hoja ambayo naona aibu kuiandika: ikiwa lazima kitu kijengwe pale, basi na kijengwe kitu kizuri. Hiyo ndiyo hoja ya kila msomi niliyepata kumwona akikaribishwa mezani.

Msanifu wa jengo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kutoka Nairobi, mwenye viatu vya vumbi na adabu nyingi. Natamani ningeweza kusema alikuwa mwovu. Makala hii ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa mtu aliyekosa usingizi kwa kufikiria saruji inavyoharibu dunia, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Nyumba zenu za zamani zilipataje ubaridi?" Nilimpeleka kwa shangazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wajenga hapo?"

"Mimi nachora tu, bibi."

"Afadhali. Mchoro hufutika."

Msanifu akacheka, akatoa mkobani kidude chenye vikombe vidogo vitatu vinavyozunguka, akakiinua dirishani. Shangazi akakitazama kama atazamavyo samaki wa jana.

"Chahesabu nini hicho?"

"Kasi ya upepo, bibi."

"Na kikishahesabu?"

"Naandika."

"Kisha?"

"Kisha najua."

"Mimi najua na sijaandika. Njoo huku."

Akamtembeza. Alimwonyesha madirisha yanavyotazamana na milango, chumba kwa chumba, bila kitu katikati. Alimwonyesha matundu yaliyo juu, karibu na boriti, ambayo mimi nilizoea kuyaona kuwa mahali pa mijusi. "Hewa ya moto haikai chini na watu," alisema, "yapanda. Sasa ikipanda ikute pa kutokea. Ukiifungia, itarudi ikukalie kichwani." Msanifu alichora kila kitu. Akapewa mahamri na mbaazi za nazi, akala huku anachora, na mimi nikajikalia kando kama mshenga aliyefanikisha posa.

Alipoondoka, shangazi aliniuliza, "Na hao wenye jengo, watakuja lini na halua?"

"Mambo ya siku hizi ni mikutano, shangazi. Wataita watu wote pamoja, watoe maoni."

"Mkutanoni kuna halua?"

"Nitawaambia walete," nikasema.

Nikawaambia. Nilijiona mwerevu sana. Niliwaandikia barua pepe ya aya mbili kuhusu ukarimu wa pwani, nikapendekeza kwamba badala ya soda na biskuti watoe halua na kahawa chungu, ili wenyeji wajihisi wameheshimiwa. Sikuandika halua ile ina maana gani. Niliiandika kama kitafunio.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule ya msingi, asubuhi, picha za jengo zikimulikwa ukutani zisionekane kwa sababu ya jua. Mimi nilikuwa mfasiri. Nilipewa maikrofoni na kiti cha mbele, baina ya afisa wa mazingira na mkurugenzi wa kampuni, na nilikuwa nimevaa kanzu ambayo sikuwa nimeivaa tangu Idi. Kabla ya mengine yote ikapitishwa karatasi: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Ilipofika kwa shangazi, mstari wa mbele, aliniinulia macho.

"Hii ya nini?"

"Mahudhurio tu, shangazi. Kuonyesha kwamba ulikuja."

"Nimekuja, kweli," akasema, akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, polepole na kwa mwandiko mzuri. Mimi nikatia langu chini ya lake.

Mkurugenzi akaeleza. Nikafasiri. Sola, maji, upepo. Ilipokwisha kuelezwa, halua ikaletwa kwenye visahani vya karatasi. Nakumbuka ukumbi ulivyotulia. Wazee wa mtaa, waume kwa wake, walikaa mikono mapajani, visahani vimewekwa mbele yao, na hakuna aliyegusa. Walikuwa wanamtazama shangazi, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza nyuma ya kiwanja. Naye akaliacha lile jicho la watu limkae kidogo. Halafu akakisukuma kisahani kwa mgongo wa mkono, kwa utaratibu, mpaka kikafika ukingo wa meza.

"Alhamdulillahi," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Nimeshiba."

Visahani vikaanza kusukumwa. Kimoja, viwili, safu ya pili, safu ya tatu. Sauti ya karatasi ikikwaruza meza. Niliyaona haya yote nikiwa mbele, nimeshika maikrofoni, na fikira iliyonijia, nasema kweli, ni kwamba labda halua imeharibika. Nikaionja. Ilikuwa nzuri mno. Nikala yangu, nikala na ya afisa wa mazingira, ambaye alikuwa na kisukari.

"Kuna mtu mwenye pingamizi?" akauliza mkurugenzi.

Nikauliza kwa Kiswahili. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wameshasema. Nami, mfasiri, mtu wa shahada mbili na tasnifu, niliufasiri ukimya ule kwa neno moja: hakuna.

Tukirudi nyumbani kwa miguu shangazi alikuwa mwepesi kama msichana. "Wameona," aliniambia.

"Wameona nini?"

"Ala! Na wewe ulikuwapo!"

Nilidhani anazungumzia picha. Na baada ya siku ile hakuutaja tena mkutano wala jengo, na mimi nikachukulia kwamba amelizoea wazo. Miezi ikapita. Siku katapila lilipoingia kiwanjani na kuanza kung'oa minazi, alinipigia simu Kilifi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyekuta viatu vyake miguuni mwa mwingine.

"Mwanangu, kwani wale hawakuona kwamba sikula?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimesimama jikoni, sufuria ya chai inafurika juu ya jiko, na sikulizima.

Lililofuata halina mambo mengi ya kusimulia, maana jengo hupanda kila siku kidogo na hakuna siku moja utakayosema hapa ndipo. Mafundi walikuja kwa wingi, wengine kutoka Magarini, wakawa wanamsalimia shangazi kutoka kwenye majukwaa na yeye akiwapelekea maji. Lilipofika ghorofa ya tatu, bado kaskazi ilimfikia kwa juu. Ghorofa ya tano, moshi wa udi wake ukaanza kusimama. Hiyo ndiyo alama aliyoniambia yeye. Maisha yake yote chetezo kikiwekwa sebuleni, moshi ulikwenda moja kwa moja kuelekea mlango wa uani, kama mtu ajuaye njia. Sasa ulipanda wima, ukafika kwenye boriti, ukajikunja. Kanga zilizoanikwa uani zilianza kulala kwenye kamba siku mbili. Ukutani, nyuma ya kabati la vitabu, ukatoka ukungu wa kijani. Nilimtania, Mungu anisamehe, kwamba na sisi sasa tuna nyumba ya kijani. Hakucheka.

Kijitabu changu kikatoka wakati huo, karatasi nzuri, picha nzuri. Jalada lake lilikuwa na maneno yangu: *Jengo linalopumua.* Shangazi alinitaka nimsomee kidogo, nikamsomea.

"Ngoja," alinikatiza. "Kama lapumua, mbona mimi ndiye nakosa pumzi?"

Alikuwa hana utani. Kifua chake hakikuwa kizuri tangu zamani, na upepo ndio uliokuwa dawa yake. Msimu wa kwanza wa joto baada ya jengo kumalizika, nilimkuta mchana amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, kwa sababu sakafu ndiyo iliyobaki na baridi kidogo. Na kuinuka hakuweza mpaka nimshike. Binti yake, anayeishi Mombasa, alikuja akamkuta hivyo naye. Hakuzunguka maneno. Alisema anatupa mpaka mwisho wa mwezi: nyumba isipopoa, mama yake anakwenda kukaa kwake, ghorofa ya nne, chumba kimeshatengenezwa.

"Mombasa nikaangalie ukuta wa nani?" aliuliza shangazi.

"Wangu, mama. Wa mwanao."

"Ukuta wako sina neno nao. Lakini ukinitoa humu, mimi sirudi tena. Wajua hilo."

Sote tulilijua. Mji wa kale umejaa nyumba ambazo mwenyewe alitolewa mara moja tu, kwa wiki mbili, akatibiwe kifua.

Nikaenda kumtafuta msanifu. Alinipokea ghorofa ya nane, katika fleti ya maonyesho, iliyopambwa kwa viti vya ukindu ambavyo havijawahi kukaliwa. Alifungua mlango wa baraza na kaskazi ikaingia. Sina neno la kitaaluma kwa hilo. Iliingia kama ilivyokuwa ikiingia kwetu: kwanza kwenye kifundo cha mguu, kisha shingoni. Ilipita moja kwa moja kuelekea mlango wa nyuma, na juu, karibu na dari, kulikuwa na matundu yaliyopangwa vizuri, yasiyo na mijusi. Nilianza kuhesabu. Sikufika ishirini.

Nilimweleza habari za shangazi. Alinisikiliza, akavuta faili. Ndani mlikuwa na cheti cha jengo, chenye daraja la juu, na nyuma yake fomu zenye alama za kila kipengele. Sola, alama kamili. Maji, alama kamili. Upepo wa asili, alama kamili. Kujifunza kutoka kwa ujenzi wa wenyeji, alama. Kuwashirikisha majirani, alama. Na hapo palikuwa na kiambatisho: ile karatasi ya mahudhurio. Jina la shangazi kwa mwandiko wake mzuri. Langu chini ya lake.

"Lakini nyumba ya nyuma?" nilimuuliza. "Wapi mlipima itabaki na upepo gani?"

"Vipimo vinaishia mpakani mwa kiwanja," alisema. "Hakuna mahali pa kujaza ya jirani. Fomu haiulizi."

"Na wewe hukuuliza."

"Niliuliza. Nilikuwapo ule mkutano. Niliomba Mungu bibi aseme neno, ningepata sababu ya kurudisha jengo nyuma kidogo. Hakusema."

"Alisema."

Nikamweleza maana ya halua. Ilichukua dakika mbili, muda uleule ambao ungenichukua kuiandika katika ile barua pepe. Msanifu aliiweka kalamu chini.

"Wewe hayo uliyajua?"

"Niliyajua."

"Na ndiye uliyekuwa na maikrofoni."

"Ndiye."

Alichoweza kufanya alikifanya: alimshawishi mkurugenzi apande mimea ya kutambaa kwenye ukuta mzima unaotazama nyumba yetu, ili angalau shangazi aone majani badala ya rangi. Mimea ikapandwa, ikamwagiliwa maji ya kuogea yaliyochujwa. Baadaye nilisikia imeliongezea jengo alama.

Zilipobaki siku chache mwezi uishe, nilinunua kiyoyozi. Nilikinunua kwa ujira wa kile kijitabu, na ulitosha barabara, kana kwamba aliyepanga ujira alikuwa ameuliza bei dukani. Fundi alitoka Gongoni, ambako kwa miaka alitengeneza pampu za viwanda vya chumvi. Mtu mkubwa, mwenye vidole vilivyoliwa na chumvi na mdomo usiopumzika. Alitoboa ukuta asubuhi nzima.

"Mwenehu," aliniambia, kama Wagiriama wanavyomwita ndugu, "ukuta huu umenilia biti tatu za kutobolea. Huyu babu yenu alikuwa anamwogopa nani?"

"Jua."

"Sasa mimi nashangaa. Hapo mbele kuna ghorofa kumi na moja, watu wa pesa, nimekwenda kuomba kazi ya kufunga eisii mara mbili. Hakuna! Wanasema ni dhambi. Halafu naitwa nyumba ya bibi kizee."

"Sema taratibu, bibi kizee ana masikio," alisema shangazi kutoka chumbani.

"Samahani, mama. Nilimaanisha bibi kijana."

Alipokwisha kufunga, shangazi alitoka akaliangalia lile sanduku la nje, lililoning'inia ukutani upande wa jengo.

"Na hili lafanya nini?"

"Hilo linatupa joto nje, mama. Ndani baridi, nje joto."

"Nje wapi?"

Fundi akaonyesha kwa kidole. Chini ya ukuta wetu, ng'ambo ya uzio, kulikuwa na bustani ya wakazi wa fleti, na mabenchi, na ule ukuta wa mimea.

"Kwa jirani," akasema shangazi.

"Kwa jirani, ndiyo, lakini…"

"Usiwashe. Hatujaomba."

Nilijaribu kubishana naye. Nilimwambia hawa watu hawakumwomba yeye. Nilimwambia hawajui hata desturi hiyo, na aliyejua hakuwaambia. Alinitazama kwa huruma, na afadhali angenipiga kofi.

"Wao wasijue. Mimi najua," alisema. "Nenda kanunue halua. Usichukue ya karatasi. Chukua ya sinia."

Basi nikaenda, mchana wa jua kali, kichwani sinia, mkononi birika, mtu wa miaka hamsini na miwili. Askari wa getini, kijana wa Junju mwenye sare iliyompwaya, alinizuia kwa adabu.

"Unaenda fleti gani, mzee?"

"Zote."

Akanitazama, akalitazama sinia. "Zote hazina watu. Walikuja Desemba, wamekwenda kwao. Labda Pasaka."

"Hata mmoja hayupo?"

"Mimi tu. Na mtu wa maji, lakini leo hajaja."

"Meneja?"

"Meneja yuko Nairobi."

Nilitazama juu. Ghorofa kumi na moja za madirisha yaliyofungwa, mapazia yameshushwa, na kaskazi yetu inapiga vioo, haina pa kuingia. Askari akanipa kitabu cha wageni. Jina, namba ya kitambulisho, saa, sababu ya kuja. Kwenye sababu niliandika: *kuomba ruhusa ya kutoa joto*. Akasoma, akatikisa kichwa kama anayeafiki, akafunga kitabu. Nikakaa kwenye benchi lake. Tukazungumza habari za watoto wake wawili na habari za mvua, ambayo kwao Junju haikuwa imenyesha. Kisha nikamweleza shida yangu, nikalisogeza sinia.

"Hii ni ya kula?" aliuliza.

"Ukipenda. Hakuna kulazimishwa."

Alikula kipande. Alikula cha pili. "Walahi hii ni tamu," alisema, akachukua cha tatu, akanywa na kahawa.

Nilirudi. Shangazi alikuwa amesimama ngazini.

"Wamekula?"

"Wamekula."

"Nani?"

"Aliyekuwapo."

Alifikiri kidogo. Sijui aliona nini usoni kwangu. "Basi washa," akamwambia fundi.

Kabla ya kuwasha, fundi alitaka madirisha yafungwe. Yale ya upande wa bahari nadhani hayakupata kufungwa tangu mazishi ya babu. Bawaba zilikuwa zimeota kutu, mbao zimevimba na kupinda. Tulisukuma sisi wawili, kwa mabega, huku yeye akimlaani seremala aliyekwisha kufa. Moja likakubali. La pili likagoma kidole kimoja kabla ya kufika, na hapo likabaki. Mashine ikawashwa. Baada ya robo saa shangazi aliomba shali.

Binti yake alikuja siku ya mwisho ya mwezi, na gari, na sanduku tupu. Akakaa sebuleni, akasikiliza ile ngurumo ndogo, akamshika mama yake mkono, akaukuta mkavu na baridi. Alikunywa chai. Jioni sanduku likarudi Mombasa tupu kama lilivyokuja. Kile kiti cha kuhesabia ishirini kilikuwa kimeshahamishwa; kilikuwa chini ya mashine, mgongo umegeukia dirisha.

Hivyo ndivyo shangazi alivyobaki nyumbani kwake. Nyumba isiyokuwa na feni sasa ndiyo yenye kiyoyozi, na bili ya umeme, na madirisha yaliyofungwa mchana. Na jengo lililosimama mbele yake lina cheti ukutani.

Barua ilikuja mwezi uliofuata, kutoka kwa usimamizi wa fleti, bahasha ya rangi ya majani. Shangazi alinipa nimsomee. Waliandika kwa heshima sana. Walisema hewa ya moto kutoka kwenye mashine yetu inakausha mimea ya ukuta wa kijani, na kwamba hilo linaweza kuathiri daraja la jengo watakapokuja wakaguzi. Wakamwomba jirani yao mpendwa afikirie njia za asili za kupoza nyumba, kama zile za wazee wa pwani. Kwa msaada zaidi walikuwa wameambatisha kijitabu.

Shangazi aliunyosha mkono, akakipapasa.

"Hiki si kile chako?"

"Ndicho."

"Karatasi yake nzito."

"Nzito. Imetengenezwa kwa karatasi zilizokwisha kutumika."

"Lete kisu cha siagi," alisema.

Nikajua anataka nini kabla hajaonyesha. Nilikikunja mara mbili kwa urefu, jalada likiwa nje, nikakitia kwenye ule upenyo wa dirisha lililogoma, nikakisukuma kwa bapa la kisu, kidogo kidogo, mpaka uzi wa mwanga ukapotea. Kilienea vizuri. Shangazi akapitisha kiganja pembeni, akakiacha pale kwa muda, kama alivyozoea kuupima upepo.

"Hakipitishi," alisema, akarudi kitini, akaongeza sauti ya redio ili ipite ngurumo ya mashine.